Kisu Kisichochinja

Mjini Garissa kisu huulizwa swali moja tu: kinachinja? Jibu likiwa ndiyo, mazungumzo yameisha. Likiwa la, anayeanza kuhojiwa ni mwenye kisu.

Mwandishi wa safu hii ana visu 19, na hadi Idi kubwa ya mwaka jana hakuna hata kimoja kilichowahi kuchinja. Vyote ni visu vya kukunja, vya kutia mfukoni, vilivyotengenezwa kwa ajili ya bustani: kupogoa matawi, kuchanja gome, kupandikiza. Vingi vina umri mkubwa kuliko Jamhuri ya Kenya. Mipini yake ni ya pembe, mfupa au mbao, na bapa limepinda mbele kama mdomo wa mwewe. Jirani yake, mzee aliyezeeka nyuma ya ngamia, alipoonyeshwa cha kwanza alikifungua, akakifunga, akakifungua tena, kisha akauliza kwa upole wa mtu anayemjulia hali mgonjwa:

"Adeer, hiki kinachinja?"

"Hakichinji, mzee. Ni cha miti."

Mzee akautazama mgunga uliokuwa nje ya ua. Chini yake mbuzi wake wawili walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wakiupogoa bure. Akakirudisha kisu bila kusema neno.

Mzee alikuwa na hoja. Kaskazini Mashariki kupogoa ni kazi ya midomo. Mbuzi hushika zamu ya chini, ngamia ya kati, na twiga wa Bour-Algi, nje kidogo ya mji, humalizia vilele. Binadamu akifika na kisu chake anakuta kazi imekwisha na wafanyakazi wanacheua.

Mambo hubadilika ukiteremka hadi ukingoni mwa Mto Tana. Huko kuna mashamba ya Wamunyoyaya, Wamalakote na Wasomali, yanayonyweshwa kwa pampu za dizeli: migomba, mipapai, mindimu, matikiti na miembe yenye vivuli ambavyo mtu wa mjini huviota saa nane mchana. Wengi hupogoa kwa panga, na panga halina adabu. Ila mkulima mmoja aliyekuwa akibebesha miembe alifungua kitambaa cha kikoi, akatoa kisu kidogo cha kukunja, na kwa mkato mmoja mrefu akachonga kikonyo cha mwembe wa aina ya Ngowe kikawa na ubapa laini kama karatasi. Akakichomeka kwenye shina la mwembe wa kienyeji, akafunga kwa utepe wa nailoni. Alieleza kuwa siri yote iko kwenye mkato: utando wa kijani ulio chini ya gome la kikonyo lazima uguse ule wa shina, na kisu butu huuponda badala ya kuukata, basi kikonyo kinakauka. Mwandishi aliitikia kwa kichwa, lakini maelezo hakuyasikia vizuri. Alikuwa akikitazama kisu. Ugonjwa uliingia siku hiyo.

Ni ugonjwa wenye historia ndefu, na hilo humpa faraja. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, alieleza kisu cha mzabibu chenye sehemu 6, kila moja na jina lake na kazi yake, na moja iliitwa mdomo. Sababu ya kupinda ni rahisi: mtu akivuta kisu kuelekea kwake, tawi huingia kwenye pindo na halitelezi. Wagema wa Pwani hawahitaji kuelezwa haya, kwa kuwa kotama yao imepinda vilevile (mfano huo mwandishi hakuutaja kwa mzee, kwani ungemlazimu kueleza pia kinachogemwa). Karne ya 19 mji wa Sheffield, Uingereza, ulikuwa ukitengeneza visu hivi kwa wingi, na jina la Saynor likawa maarufu kwa watunza bustani. Wajerumani nao wakaja na visu vya Tina wa Reutlingen, tangu 1854. Adui wa visu hivi alikuwa amekwisha kuzaliwa Ufaransa: mkasi wa kupogolea, ambao husemwa ulibuniwa mnamo 1815 na Bertrand de Molleville, aliyewahi kuwa waziri wa mfalme Louis wa 16. Wazee wa bustani waliutukana mkasi kwamba unaponda matawi. Mkasi ukashinda, visu vikaingia makabatini, na kutoka makabatini vikaanza safari ya mitumba.

Mwisho wa safari hiyo ni Gikomba, Nairobi, kwenye mafungu ya vyuma ambamo kisu cha miaka 100 hulala na vijiko na bawaba za milango. Mkusanyaji huinama, hufungua, husoma maandishi ya shinani mwa bapa. Kikiandikwa "England", huenda kilitengenezwa baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyodai kila bidhaa ya kigeni itaje nchi yake. Bapa likiwa halishiki kutu hata ukilisahau mvuani, si la zamani sana, kwani chuma cha pua kilitoka Sheffield mwaka 1913 mikononi mwa Harry Brearley. Mwandishi hupenda kueleza haya yote kwa sauti, jambo ambalo halisaidii hata kidogo anapoanza kupatana bei.

Safari moja alirudi Garissa kwa basi na visu vinne ndani ya soksi. Kama ilivyo desturi ya barabara hiyo, abiria walishuka kwenye kizuizi, vitambulisho mkononi. Askari akaibonyeza soksi.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya bustani, afande. Vya kupogolea."

"Unapogoa nini?"

"Miti."

"Ipi?"

Pande zote mbili za barabara palikuwa na mti mmoja tu, ukijirudia hadi upeo wa macho: mathenge. Mwandishi akauonyesha.

Mathenge uliletwa Kenya kwa nia njema. Ulipandwa mwaka 1973 kwenye machimbo karibu na Mombasa, kisha miaka ya 1980 ukasambazwa nchi kame, ikiwemo Tana River, ili uzuie jangwa. Jangwa likazuiwa, na njia, malisho na kingo za mito vikazuiwa pia. Mwaka 2006 watu wa Baringo waliupeleka mahakamani Nairobi, na miongoni mwa vielelezo alikuwemo mbuzi kibogoyo, meno yameozeshwa na maganda yake matamu. Mti ulioshinda meno ya mbuzi ndio mwandishi alioahidi kuupogoa.

Askari, mtu makini, akataka kuona. Tawi la kwanza lilikatika vizuri, na mwandishi akageuka kuwatazama abiria kwa fahari. Hilo lilikuwa kosa. Tawi la pili lilimrudia, mwiba ukazama kwenye kidole gumba, kisu kikaanguka, soksi ikanasa, na katika kuinasua soksi mkono wa shati nao ukanasa. Dereva akapiga honi. Mama mmoja akasema mwacheni huyo, si mtu wa kumdhuru mtu. Askari alifikia uamuzi huohuo. Akaviokota visu, akavihesabu, akamrudishia na kusema kwamba aliyeshindwa na kichaka si tishio kwa usalama wa taifa.

Kidole kilivimba siku nne.

Kiswahili kina neno kijembe, ambalo ni kisu kidogo chenye makali na pia ni neno la kuchoma. Nyumbani kwa mwandishi aina zote mbili zipo: yeye hukusanya za kwanza, mkewe hutoa za pili. Joto la Garissa lilipokausha mipini ya pembe hadi mmoja ukaanza kujikunja, mwandishi aliisugua yote kwa samli ya ngamia, akiamini kilichofaa ngozi ya binadamu kitafaa pembe. Asubuhi visu havikuonekana. Palikuwa na sisimizi wenye umbo la visu. Mkewe alisimama mlangoni, akauliza kama wao pia wanakusanya.

Kisha kukaja usiku tatu za pembe ya ndovu. Kisu cha kupachikia macho ya mindimu huwa na ulimi mweupe upande wa pili, wa kufunulia gome baada ya kulichanja umbo la T, na zamani ulimi huo ulitengenezwa kwa mfupa au kwa pembe ya ndovu. Kampuni ya Joseph Rodgers ya Sheffield ilijulikana kwa shehena zake za pembe. Mwandishi alikumbuka hayo saa sita usiku, kisu cha aina hiyo alichotoka kukinunua kikiwa chini ya mto. Akakumbuka pia sheria ya wanyamapori ya 2013, iliyotaja faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Alikuwa amemnunulia muuzaji chai na kulipa shilingi 300, na sasa akajiona amesimama kizimbani, tena hana hata mbuzi kibogoyo wa kumtetea. Siku ya nne aliazima lenzi kwa fundi wa saa. Pembe ya ndovu ikikatwa huonyesha mistari inayopishana kama wavu, na mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi, mahali damu ilipopita. Ulimi ulikuwa umejaa vitundu.

"Kwa hiyo," mkewe akasema, "usiku tatu hukulala kwa sababu ya supu."

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na kilichompata Saynor. Kisu hicho cha Saynor ndicho kilichokuwa bora katika mkusanyiko: mpini wa pembe uliopinda ukakaa kiganjani, pindo la bapa kamili, na jina la mtengenezaji likisomeka herufi zote. Springi yake tu ndiyo iliyolegea. Mwandishi akamtuma mpwa wake akipeleke kwa fundi wa sokoni, na ujumbe wa maneno matatu: akaze springi tu. Mpwa alipeleka kisu. Ujumbe nusu ulipotea njiani.

Jioni fundi alikileta mwenyewe, maana kazi ikiwa nzuri fundi hutaka kuiona ikipokewa. Alikuwa ameipiga ribiti ikatoka, akalitia bapa motoni, akaligonga juu ya kipande cha reli, akalizamisha majini, akalipitisha kwenye grenda. Liling'aa kama kijiko cha harusi. Na lilikuwa limenyooka kama rula.

"Kilikuwa kimepinda vibaya," fundi akasema. "Nimekinyoosha. Springi ni shilingi 200, kunyoosha 150."

Jina la Saynor, lililovuka bahari na kustahimili mikono isiyojulikana idadi, lilibaki herufi S. Mwandishi alifungua mdomo, akaufunga, akalipa 350. Kumlaumu hakuweza, kwani katika mji huu kisu kilichopinda ni kisu kilichoharibika, na aliyekinyoosha amefanya wema.

Tatizo lilidhihirika kesho yake. Mpini ulichongwa kwa ajili ya bapa lililopinda, na bapa lililonyooka halienei ndani yake. Kisu kikifungwa, ncha hubaki nje kiasi cha ukucha. Mwandishi aligundua hilo kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk, ilipopita kwenye shimo. Dereva alisimama, akauliza nani anayelia.

Kikawekwa kwenye bati la biskuti, na huko kingekaa hadi leo kama si asubuhi ya Idi kubwa. Mzee jirani aligonga lango, kanzu imekunjwa kiunoni. Kisu chake kilikuwa kimeazimwa na shemeji, shemeji kaondoka nacho Modogashe, na mbuzi watatu walikuwa wakingoja. Alitazama ndani ya bati, akavipita vyote vyenye mdomo wa mwewe bila kuvigusa, akachukua chenye S. Akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba. Akaguna.

Kabla ya adhuhuri alikirudisha, kimeoshwa, kimefungwa kwenye gazeti pamoja na mguu mzima wa mbuzi. Alimkabidhi mwandishi vyote viwili, akatikisa kichwa kwa heshima ambayo hakuwahi kuionyesha hapo awali, akalinyooshea kidole lile bati.

"Adeer," akasema, "na hivyo 18 vilivyobaki, utavipeleka lini kwa fundi?"