Namna ya Kuhiji Penye Ndagala, Pasipo Lavenda

Kwanza, futa zambarau kichwani. Abasia ya Sénanque, kusini mwa Ufaransa, ilianzishwa 1148, na kila Julai lavenda huchanua mlangoni pake. Hija hii, ya wafiadini wanne wa 1964, haiendi huko. Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, utapata ndagala, yaani dagaa, zilizoanikwa mchangani, na harufu yake itakufikia kabla ya kengele ya misa. Usizibe pua: ndagala hizo ndizo zinazolisha wanaokukaribisha. Ukitaka kuuona mchanga umejaa, njoo siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hupumzika.

Chagua kiangazi, Juni hadi Agosti. Barabara ya Uvira hadi Baraka, karibu kilomita 90, imebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, na mvua ikishika, mito ya milimani huikata bila kubisha hodi. Kiangazi utakula vumbi, lakini utafika. Kabla ya kufunga mzigo, uliza parokiani njia ikoje siku hiyo, kwani vita vimeitesa sana Kivu Kusini. Wakikwambia subiri, subiri.

Baraka, shuka mbele ya kanisa na uache simu mfukoni. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, gari la waasi lilisimama hapo. Bruda Vittorio Faccin, Mwitalia wa miaka 30, aliamriwa apande. Akakataa, wakampiga risasi. Padri Luigi Carrara, miaka 31, alikuwa akiungamisha. Alitoka, naye akakataa kupanda, akapiga magoti kando ya mwenzake, wakamwua. Tafuta mzee au mama wa parokia, msalimie bila haraka, umwombe akusimulie. Akianza na habari za wajukuu wake, sikiliza za wajukuu. Atafika kwenye 1964 kwa wakati wake.

Kisha panda Fizi. Jioni ileile waliuawa huko, kwenye nyumba ya mapadri, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Wageni wengi hukaa sana kwa wale wamisionari Waksaveri watatu kutoka Italia, Faccin, Carrara na Didonè, na wanastahili. Mimi nakuomba ukae zaidi kwa Joubert. Baba yake, Kapteni Ludovic Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuja ziwani 1880 kuwalinda Mapadri Weupe, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa, akafia hukuhuku 1927. Mama yake, Agnès Atakaye, alikuwa binti wa nchi hii. Albert alizaliwa 1908 upande wa Moba, kwenye mwambao wa ziwa hilihili. Mtu akikwambia wafiadini hawa wote walikuwa wageni, mtajie jina la Atakaye.

Rudi Uvira Jumamosi ili Jumapili usali katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Mjini humu, Jumapili ya 18 Agosti 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri. Vaa nguo ya heshima na uwahi kiti.

Ukishaizoea njia, mwaka mwingine acha kiangazi, uje Novemba 28 yenyewe. Mvua itakunyeshea na pikipiki itakwama matopeni. Njoo hivyohivyo, na viatu vya mpira.