Namna ya Kuumaliza Muhula wa Tatu Ukiwa Mzazi wa Shule ya Kimataifa Buhehe

Waraka utafika wiki ya kwanza ya muhula, umekunjwa ndani ya daftari la hesabu, na pembeni yake utaona picha ya jani jekundu la mti usioota popote kati ya Tororo na Majanji. Usilishangae. Mwalimu aliyeandaa waraka alilitoa kwenye intaneti pamoja na kichwa chake: "Shughuli za Msimu wa Majani Kupukutika: Mzazi Shiriki!" Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Oktoba ni mwezi wa mvua za pili, maharagwe yanatoa maua, na majani pekee yanayotengana na shina lake ni seveve, tena kwa sababu mama ameyachuma yakaingie chunguni. Lakini wewe ulitaka shule ya kimataifa, na msimu huo umo ndani ya ada.

Ukiombwa majani makavu ya kupamba darasa, peleka ya mgomba. Yakikataliwa, rudi nayo, utawashia moto.

Kabla ya yote, jua shule yako imekuwaje ya kimataifa. Usimwulize mkurugenzi, maana atakuonyesha bendera kumi na mbili na mahali ambapo bwawa la kuogelea litachimbwa. Simama getini saa moja asubuhi. Wa Lumino na Masafu wanashushwa na boda, watatu kwenye tangi moja. Wengine wamelala Funyula, ng'ambo ya Mto Sio upande wa Kenya, kwa nyanya yao, ambaye pia ni nyanya wa hao waliotoka Lumino. Hadi mwaka 1902 Uganda ya Waingereza ilifika mashariki hadi upande wa Naivasha. Mwaka huo wakauvuta mpaka magharibi, na Wasamia wakajikuta wana nchi mbili bila mtu kuhamisha hata kinu. Kwa hiyo shule yoyote ya serikali iliyo kando ya mto huo ni ya kimataifa tangu siku iliyofunguliwa. Haina kibao tu, na haitozi kitu kwa ajili hiyo.

Sasa pesa. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa 28 hivi za Uganda, na mzazi mwerevu huishi humo katikati. Ukiwa matangani na unataka heshima, taja ada kwa shilingi za Uganda, ili uweze kutamka neno milioni. Ukiwa mbele ya mhasibu unaomba muda, taja deni hilo hilo kwa za Kenya: 36,000 inasikika kama kitu ambacho mtu mzima anaweza kukisahau kwa bahati mbaya. Mhasibu naye ana bei yake ya kubadilishia, isiyojulikana na wale vijana wanaokaa mpakani na mabunda ya noti, wala na benki yoyote. Usibishane naye. Lipa, chukua risiti, itunze. Tutaihitaji mbele.

Kalenda inataka nidhamu zaidi. Muhula wa tatu wa Kenya huanza Agosti ikielekea kuisha na hukatika mapema. Wa Uganda huanza Septemba na hujikokota hadi Desemba. Mwenye mtoto mmoja huku na mwingine kwa shangazi yake Nambale hana wiki ya kupumzika. Akifunga huyu, yule ndiyo kwanza anaomba karatasi za kuchapia mitihani, sukari, fagio na karatasi za chooni. Jumamosi za kutembelea watoto nazo zitagongana. Hapo baba aende huku na mama kule, na kuku agawanywe usiku uliotangulia: mapaja kwa mtahiniwa, kifua kwa aliye mkali zaidi wa kulalamika. Kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, ambacho Marais Uhuru Kenyatta na Museveni walikizindua Februari 2018, kilijengwa ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mbili. Kwa bakuli la chapati ambalo bado lina joto, mara moja bado ni nyingi. Ndiyo maana njia za panya hazijaota nyasi.

Oktoba yenyewe ni mwezi wa kuwekewa akiba tangu Januari. Tarehe 9 Uganda inakumbuka uhuru wa 1962. Tarehe 10 Kenya ina sikukuu ambayo ilikuwa ya Moi, ikapitia majina mengine, na kuanzia 2024 ni ya Mazingira. Tarehe 20 ni Mashujaa, ambayo kabla ya katiba ya 2010 ilikuwa ya Jomo Kenyatta, kukumbuka usiku wa kukamatwa kwake mwaka 1952. Shule ya kawaida huchagua nchi moja ikafunga siku zake. Shule ya kimataifa haibagui: husherehekea zote na kuchangisha kwa zote. Tarehe 9 utaombwa utepe mweusi, wa njano na mwekundu. Tarehe 10 utaombwa mche wa mti. Usiununue, ng'oa ule uliorudi nao mwaka jana. Tarehe 20 mtoto ataambiwa aje amevaa kama shujaa, na ukiuliza shujaa yupi, jibu litakuwa "yeyote mwenye tai".

Halafu kilele: Siku ya Mataifa. Kila darasa hupewa nchi. Usiombe Uganda wala Kenya. Hizo wamepewa chekechea, kwa kuwa nguo zake zipo nyumbani. Tuseme darasa la mwanao limeangukia Kanada. Tulia. Lile jani jekundu la kwenye waraka sasa limepata kazi, maana ndilo lililo kwenye bendera yao. Nenda sokoni Busia, upande wowote, ukaulize mitumba ya baridi. Utapata makoti mazito yenye manyoya shingoni, glavu, hata viatu vya kukanyagia theluji. Vilivaliwa huko ambako majani hupukutika kweli, vikafungwa belo, vikashuka Mombasa na kupanda lori hadi hapa. Mwaka 2023 Rais Museveni alisema biashara hiyo ikome Uganda. Wewe nenda mapema tu, makoti mazuri huisha belo linapofunguliwa. Hivyo ndivyo msimu wa waraka unavyotufikia, kwa kilo.

Siku yenyewe, mtoto atasimama uwanjani saa sita mchana ndani ya koti la theluji. Simama karibu na chupa ya maji, na usikubali avalishwe kofia kabla ya mgeni rasmi kuwasili, kwa sababu mgeni rasmi hufika saa nane. Chakula cha Kanada ni chipsi. Zimwagie mchuzi, ndivyo wanavyozila wenyewe. Hakuna atakayekupinga; waliopewa Norwei wameleta sangara wa Majanji na kumwandikia "samoni", na wanajua kwamba wewe unajua. Ukitaka kuongeza alama, vaa gomesi lako safi na umwache mwanao awe Mkanada peke yake. Nyanya akiuliza kwa nini hakuna darasa lililopewa Samia, mwambie Samia imepewa jikoni: watakapokwisha kupiga picha na chipsi, watu wote, mgeni rasmi akiwemo, watanawa mikono wale obusuma.

Boga ni jambo la siri. Mwisho wa Oktoba shule itataka boga lililotobolewa macho na meno, mshumaa ndani. Fanya kazi hiyo usiku. Toa nyama yote uipike, kaanga mbegu, tumia ganda peke yake, na hakikisha mama mkwe amelala. Mwanamke aliyelima kwa jembe la mkono miaka hamsini akikuta chakula kimechongwa meno, hutamaliza kumweleza hadi Krismasi, na ukoo mzima utaitwa kusikiliza.

Kundi la wazazi la WhatsApp lina sheria zake. Taarifa ikitumwa, jibu "Imepokelewa na shukrani, Mwalimu". Usiwe wa kwanza, utaonekana una njaa ya cheo, wala wa mwisho, utatajwa kwa jina. Asiyejulikana mtoto wake ni nani ndiye atakayetuma maombi saa kumi na moja alfajiri, mwitikie "Amina". Mchango ukitangazwa, tuma kwa simu, kisha piga picha ujumbe wa muamala uubandike kundini, ili wenzako waone na wapate presha.

Kazi ya nyumbani nayo ni yako. Ng'ambo, mtaala wa umilisi ulioenezwa nchini Kenya kuanzia 2019 ulisema wazi kwamba mzazi ni mshiriki katika masomo, na tangu hapo wazazi wa Kenya wamekuwa wakikusanya makopo, kuchapisha picha za rangi na kushona vinyago vya kufukuzia ndege saa tano za usiku. Shule yako imeona jambo hilo likapendeza. Utaletewa agizo la kutengeneza kipima mvua kwa "vifaa vinavyopatikana katika mazingira". Kitengeneze, lakini vibaya kidogo: upande mmoja upinde, gundi ivuje. Kizuri mno kitarudishwa na swali, na kibaya mno kitampa mtoto alama yako halisi.

Utaona sijagusa neno "shiriki". Linaeleweka kwa vitendo. Ukileta, umeshiriki. Ukiuliza kilienda wapi, umeingilia uongozi.

Haikuwa hivi siku zote, na mzee yeyote aliyesomesha watoto Uganda miaka ya 1970 na 1980 atakwambia. Mshahara wa serikali ulipokosa kufikia hata bei ya sabuni, vyama vya wazazi na walimu ndivyo vilivyomwongezea mwalimu posho na kuezeka madarasa. Mzazi alikuwa na sauti, pengine kubwa kuliko akili yake. Kisha 1997 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ada zikaondolewa katika shule za serikali, na wengi wakaelewa kwamba mzazi naye ameondolewa. Sheria ya elimu ya 2008 ikamrudisha kwa mlango wa jikoni: chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi, si la serikali.

Ndiyo maana, ukiwa na nafasi wakati wa mavuno, simama kidogo kwenye shule ya serikali iliyo karibu nawe ambako wazazi wamekubaliana kuchangia chakula. Huko hakuna Kanada. Kuna mizani imetundikwa kwenye tawi la mwembe, na mzazi anakuja na mahindi na maharagwe yake yapimwe mbele ya watu. Jina linaandikwa, kilo zinaandikwa. Gunia likipungua bila watoto kula uji, yule mama aliyelileta kichwani atajua siku hiyo hiyo, na hatatumia WhatsApp kusema. Mimi nimeusoma waraka wa shule ya kimataifa juu mpaka chini nikitafuta mizani. Kuna jani.

Novemba usiilaumu, ina mambo yake. Watahiniwa wa darasa la saba hufanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, siku mbili, karatasi nne, na wiki iliyotangulia kuna ibada ya kuwaombea. Nenda na bahasha, na bahasha isiwe nyepesi kuliko kalamu atakayoitumia mtoto. Kadi za kumtakia mtahiniwa mafanikio nunua upande wa Kenya, zina nyimbo ndani. Usiruhusu shangazi zaidi ya wawili wamwekee mtoto mkono kichwani. Anahitaji kukumbuka sehemu na desimali.

Lililobaki ni mkutano mkuu wa wazazi, Jumamosi kabla ya kufunga. Ajenda itakuwa na sala, nyimbo mbili, ngoma, hotuba ya mkurugenzi kuhusu bwawa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, "Hesabu". Fika mapema ukae mbele. Njoo na zile risiti zako zote, za tarehe 9, za mche, za shujaa, za Kanada, zikiwa zimebanwa pamoja na kujumlishwa kwa sarafu moja. Jiandae kuuliza kwa Kilusamia, kwa upole na kwa kumwita mhasibu "ndugu yangu", kwa sababu mkalimani atalazimika kusimama, na akisimama mkalimani ukumbi wote unasikiliza mara mbili. Uliza jambo moja tu: kilichoingia ni ngapi na kilichobaki ni ngapi.

Shule inaifahamu mbinu hii na ina yake. Wazazi wakishaona chakula, hakuna atakayetaka kusikia hesabu. Basi ukiona kreti za soda zinapita mlangoni na mhasibu bado amekaa, usingoje ajenda ifike chini. Nyosha mkono.