Umefika Wapi?

Marafiki wakila sinia moja, mwenye kasi huwaumiza wenzake kidogo tu: atamaliza mchuzi, watamnunia, kesho watakula tena. Wakisoma pamoja riwaya ndefu ya fantasia, ile ya vitabu kumi na ushee vyenye ramani mwanzoni na orodha ya majina mwishoni, mwenye kasi ni balaa la kuitishia dua. Hata hivyo ndiye anayesifiwa. Aliyemaliza kitabu cha sita kwa siku nne hupigiwa makofi, na aliyekwama cha tatu hutumiwa picha za kobe. Nadhani mambo tumeyapindua. Katika kundi la namna hii mwenye haki ya kupanga mwendo ni wa mwisho, huyo huyo wa kobe, na sisemi hivyo kwa kumhurumia. Kilichowakutanisha ni hamu ya kujua kitakachotokea, na katika kundi zima yeye ndiye aliyebaki nayo nyingi. Aliyemaliza amekwisha kula akiba yake. Sasa anazungukazunguka mezani akichungulia sahani za watu.

Tuchukue mfano wenye kilo zake: The Wheel of Time ya Mmarekani Robert Jordan. Kitabu cha kwanza kilitoka 1990, cha mwisho 2013. Ni vitabu 14, ukiacha kando kile cha utangulizi cha 2004, na ndani yake mna maneno zaidi ya milioni 4 na watu wenye majina zaidi ya 2,000, idadi inayotosha kufungua shule ya sekondari na kubakiza walinzi. Jordan alifariki 2007 kabla ya kumaliza. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson aimalizie kazi kwa kutumia madokezo yaliyoachwa, na kitabu kilichokusudiwa kuwa kimoja cha kufungia kikazaa vitatu. Sasa angalia jambo hili. Kwa miaka hiyo 23 msomaji wa mwisho alikuwa mwandishi mwenyewe. Hapakuwa na mtu mbele yake. Mwepesi na mzito walisimama mlango mmoja wakisubiri ufunguliwe, na kwa kuwa wote walikuwa hawajui, wote walikuwa na la kusema. Mfululizo ulipokamilika ndipo mwenye kasi alipopata uwanja wa kukimbilia. Leo anaweza kununua vyote 14 Ijumaa, na baada ya miezi miwili akarudi kwa wenzake kama mtu aliyetoka harusini na kuwakuta jamaa bado wanapiga pasi, akaanza kuwasimulia pilau ilivyokuwa.

Tena mara nyingi pilau yenyewe hakuionja vizuri. Majina ni ushahidi. Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea herufi iseme ilivyoandikwa, kwa hiyo mhusika Nynaeve humtamka kwa silabi nne, na Moiraine kwa tano kama mtu anayepanda ngazi. Jordan aliliona tatizo hilo hata kwa Wamarekani wenzake, akaweka mwishoni mwa vitabu faharasa inayoeleza matamshi: yule wa kwanza ni kama Nainivu, wa pili kama Mwarein, na mama mmoja anayeandikwa Siuan hutamkwa karibu na Swaan. Mwenye kasi haifungui faharasa, maana ukurasa usio na vita ni ukurasa uliopotea. Basi hutokea marafiki wawili wakabishana nusu saa nzima, mmoja akimtetea Siuani na mwingine akimlaani Swaan, na wa tatu akaja na nadharia kwamba wanawake hao wawili ni mahasimu wa siku nyingi. Anayekata shauri ni wa kobe. Yeye amesoma faharasa yote, kwa sababu alikuwa anatafuta kisingizio cha kutoanza sura inayofuata.

Lakini kosa kubwa la mwenye kasi si hilo. Kosa lake ni kumwaga mtama. Mara nyingi humwaga bila kutaka, na lugha yetu inamsaidia huku ikimsaliti. Inamsaidia kwa kuwa Kiswahili hakibagui mume na mke: anaweza kumsema adui aliyejifunika kofia ya joho, “amekuja, ameua, ameondoka,” bila kufichua kama chini ya kofia ile kuna bwana au bibi. Kiingereza kingemuumbua kwenye neno la kwanza. Inamsaliti kwenye nyakati za kitenzi. Jana alisema “nampenda yule mzee,” leo anasema “nilikuwa nampenda yule mzee,” na kundi zima linajua kuna msiba mahali. Mwingine hujitahidi kunyamaza, na kunyamaza kwake kunapiga kelele. Mwenzake anasema, “Huyu kijana naona atakuja kuwa mfalme,” naye anajibu, “We soma tu.” Sijui maneno matatu yaliyowahi kuua watu wengi kiasi hicho. Kisha kuna yule anayetuma ujumbe kwenye WhatsApp, anashtuka, anaufuta. Kinachobaki ni “Ujumbe huu umefutwa,” na kuanzia hapo mazungumzo si ya kitabu tena. Ni uchunguzi wa kipolisi juu ya kilichofutwa, nani alikiona, na mbona fulani amekaa kimya tangu saa mbili.

Wapo watakaonijibu kwa sayansi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12, baadhi zikiwa zimefichuliwa mwisho wake kabla ya kusomwa, na wasomaji kwa jumla wakazifurahia zaidi zile zilizofichuliwa. Mwenye kasi huupenda utafiti huu kama mvutaji sigara anavyompenda daktari anayevuta. Mimi sina ugomvi na matokeo. Ninalouliza ni kama yanahusu kesi yetu. Hadithi fupi unaimaliza chai haijapoa. Nani alikufa unaambiwa saa nne, saa nne na nusu umekwisha kumzika. Ukiambiwa katika kitabu cha tatu jambo la kitabu cha kumi na mbili, utatembea nalo kurasa maelfu kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Zaidi ya hayo, wale wasomaji walipimwa kila mmoja na hadithi yake. Hapakuwa na rafiki wa kukisia naye, na kukisia kwa pamoja ndiko kunakoharibika hapa. Anayejua mwisho anaweza kuendelea kuufurahia peke yake, lakini hawezi kubahatisha tena. Kila akibahatisha, wenzake wanamtazama usoni kutafuta jibu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa kuwa linatoka nyumbani. Mbona wazee wetu walisikiliza tungo ambazo mwisho wake waliujua? Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na aliyekaa kuusikiliza hakuwa na shaka nani atashinda kati ya jeshi la Waislamu na la kaisari Herekali. Mbona hakuinuka akaenda zake? Ni kweli, na tena nashukuru kwa mfano huo, maana unanifaa mimi. Utenzi ulighaniwa. Msikilizaji mwerevu na msikilizaji mvivu walikuwa ubeti mmoja kwa wakati mmoja, na aliyetaka kujua ubeti unaofuata ilimbidi angoje mghani avute pumzi. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela naye alifanya vivyo hivyo: mfalme alikuwa na upanga, askari na hazina, ila hakuwa na uwezo wa kufunua ukurasa. Huko Oxford, miaka ya 1930 na 1940, J.R.R. Tolkien aliisoma The Lord of the Rings sura kwa sura mbele ya rafiki zake akina C.S. Lewis, ikiwa bado inaandikwa. Mmoja wao, Hugo Dyson, hakuipenda hata kidogo, na alinung'unika mpaka ikawa akiwapo haisomwi. Kundi la wasomi wa Oxford lilimsubiri mtu asiyetaka kabisa kusafiri. Sisi tunashindwa kumsubiri mwenzetu ambaye angalau yumo njiani.

“Lakini huyo wa njiani amelala!” Hapo nakubali kidogo. Kwenye msafara wa mamba kenge nao wamo, na kwenye msafara wa wazito kuna ambao si wazito, wamekwisha kuacha kitambo ila wanaona haya kusema. Aliyekaa mwaka mzima kwenye ramani ya kitabu cha kwanza hasomi. Huyo anapamba rafu. Mara nyingine, hata hivyo, mwenye lawama ni kitabu. Kitabu cha kumi cha Jordan, Crossroads of Twilight cha 2003, sehemu yake kubwa inawarudia wahusika mmoja mmoja kuonyesha kila mtu alikuwa wapi wakati wa tukio lililofungia kitabu cha tisa. Mwenye kulala humo nitamfunika shuka mimi mwenyewe. Aliyempenda mhusika Perrin atakitafuta kitabu cha tano kizima asimwone. Na zipo sababu za mfukoni. Wanaonunua vitabu vilivyokwisha tumika pale Nairobi, kwa wauzaji wa kando ya barabara wanaoitwa Inama Bookshop kwa kuwa mteja hana budi kuinama, wanaijua adha ya kupata cha nne na cha saba kwa bei ya mchicha huku cha tano hakionekani. Msomaji huyo si mvivu. Anamngojea mtu fulani asiyemjua ahame nyumba.

Kwa hiyo tiba si kuwapa watu ratiba ya kurasa, maana ratiba huzaa uongo. Ukimwuliza mtu “Umefika wapi?” kwa sauti ya mdai, atakujibu “Cha sita” ilhali yuko cha nne, na hapo atakuwa amejifungia mlango mwenyewe. Wenzake watamwaga ya cha tano mbele yake kwa nia njema kabisa, yeye atatikisa kichwa kama anayeyajua, na usiku atamwomboleza peke yake mtu ambaye kwake yeye alikuwa mzima mpaka saa kumi na mbili jioni. Swali liulizwe kwa upole, na jibu litakalotoka ndilo liwe mpaka wa mazungumzo ya wote. Mwenye kasi hataonewa. Arudie faharasa, ahesabu mara ngapi Nynaeve amevuta msuko wake akiwa na hasira, aone alichokipita mbio. Akae karibu pia wakati wa mwisho anapofika mahali penyewe, kwa sababu kumtazama mtu akishtuka kwa jambo lililokushtua wewe mwezi uliopita ni furaha ambayo huwezi kuipata kwa kukimbia. Ila akae akiwa amefunga mdomo na, ikiwezekana, uso.

Nimejitahidi kutomwaga chochote hapa, isipokuwa hili moja, naliombea radhi. Mwishoni mwa kitabu cha saba, kilichotoka 1996, kijana Mat anaangukiwa na ukuta. Kitabu cha nane kikatoka 1998, na Mat hayumo, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Waliokuwa wakisoma wakati ule walikaa na ukuta wao mpaka kitabu cha tisa, mwaka 2000, wakiulizana. Ikiwa kundi lenu lina mtu ambaye leo hii ndiyo kwanza anakifungua cha nane, mpeni kiti, mmiminieni chai, kisha mwulizeni anadhani Mat yuko wapi. Wewe uliyemaliza, usijibu.