Shemeji wa Pande Zote Mbili

Rafiki yako akioa, unajua la kufanya. Rafiki yako akimwoa rafiki yako mwingine, angalia salio kwanza ndipo upige vigelegele. Kwa akili ya kawaida, hapo mtu unachanga mara moja, unakula mara moja, unarudi kulala. Kamati za harusi hazina akili ya kawaida.

Bwana harusi ni Mnyamwezi wa Kibaha. Wazazi wake walihamia Tumbi kikazi zamani hizo. Bibi harusi ni Mzaramo wa Kisarawe, tena Kisarawe hasa, siyo wale wanaoshukia Gongo la Mboto kisha wakajiita wa Kisarawe. Basi zikaundwa kamati mbili, ya sendofu kule na ya harusi huku, kila moja na kundi lake la WhatsApp na mweka hazina wake asiyelala. Nikaunganishwa kote bila kuulizwa. Alfajiri simu inalia: "Ndugu yetu, ahadi 100,000, umelipa 0." Kabla sijapiga mswaki, inalia tena, ndugu wengine, sifuri ile ile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Siku 21 tu, kwa jambo la maisha! Mweka hazina wa Kibaha alianza kunitaarifu deni langu tangu masika, na harusi ilikuwa ya kiangazi.

Halafu safari. Kwenye ramani wilaya hizi zimepakana, mkoa mmoja wa Pwani, na makao makuu ya mkoa yako hapo hapo Kibaha. Sasa panda daladala uone. Kutoka Maili Moja unaingia kwanza Dar es Salaam: unashuka Mbezi, unapita Malamba Mawili na Kinyerezi, unatokea Banana, unashika Gongo la Mboto, Pugu, ndipo gari lianze kupanda vilima vya Kisarawe likikohoa. Yaani unatoka Pwani, unavuka mkoa wa watu, ili ufike Pwani. Basi la kukodi la kamati nalo lilipita huko huko, limejaza ndugu hadi mlangoni. Shati langu lilibaki limenyooka mpaka Mbezi. Kuanzia hapo alililalia shangazi mmoja wa bwana harusi, na wanja wake wote.

Nikahi haikuchelewa. Shehe hakuwa na maneno mengi, Mungu ampe maisha marefu. Kazi ikawa mlango wa chumba cha bibi harusi.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu iliyotoka bara kuja pwani, na utani huo haujachakaa. Bibi mmoja, khanga kaifunga kifuani, aliweka kigoda mlangoni akakikalia. "Nyie si wapagazi? Tueni mzigo." Akapewa elfu kumi. Akaigeuza huku na huku, akainusa, akaisunda kwenye pindo la khanga. "Hii ya kugusia kitasa. Ya kufungulia iko wapi?"

Macho yote yakanigeukia. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Mimi ni rafiki wa bibi harusi, wa huku kwenu."

"Marahaba mjukuu wangu! Basi njoo ukae huku uwazuie."

Nikakaa. Nilizuia kwa moyo wote, nikamzuia hata mwenyekiti wangu wa kamati. Mlango ulipofunguka na pesa kuanza kugawanywa, bibi akanitazama juu hadi chini. "We shemeji si umekuja na basi la Kibaha?"

Jioni tukarudi njia ile ile mpaka ukumbini Kibaha. Kijana wa mlangoni, ana orodha na tai nyekundu, akauliza, "Upande gani, kaka?" Nikasema wote wawili. Akapekua karatasi zake. "Hakuna meza hiyo." Nikawekwa chini ya spika, pamoja na dereva wa basi na mtu wa jenereta.

Mshereheshaji akatangaza upande wa bwana harusi waende kwenye chakula. Nikasimama. "Shemeji, subiri kidogo, hii zamu ya wenyeji." Akaita wakwe zetu kutoka Kisarawe. Nikasimama tena. "Kaka, wewe si wa hapa hapa Kibaha?" Ndafu ikapita mbele yangu juu ya kitoroli, imesimama wima na majani mdomoni, ikisukumwa kwa wakwe kwa muziki mkubwa. Zamu ya spika ilipofika, pilau lilikuwa limebaki ukoko, na kachumbari maji yake. Mtu wa jenereta alipata paja. Aliyepakua alikuwa anamfahamu.

Kwenye zawadi sasa, huko nilikumbukwa. Nilicheza kwenda mbele na marafiki wa bwana, nikaitwa tena nicheze na marafiki wa bibi, bahasha mkononi mara zote mbili.

Maharusi wanaendelea vizuri, nawapenda bado. Zilizobaki ni kamati, maana nazo lazima zivunjwe, na hazivunjwi bure. Jana zimeingia meseji mbili, moja ya Kisarawe, moja ya Kibaha: kuvunja kamati ni Jumamosi ijayo, mchango 20,000, shemeji usituangushe. Nimewajibu wote kwa maneno yale yale, kwamba nawashukuru sana, ila Jumamosi hiyo nina shughuli ya upande wa pili.