Paka wa Nyanga na Blanketi la Viraka

Katika nyumba yoyote ya Bukoba ambamo mtu anashona blanketi la viraka, mshtakiwa huwa mmoja. Kipande kimepotea: paka. Bandi zimefumuka: paka. Bobini imebingirika hadi chini ya kabati na uzi umezunguka miguu yote minne ya kiti: paka huyo huyo. Hukumu hutolewa kwa ndala, tena mara nyingi kabla mshtakiwa hajaamka. Mimi nashikilia kwamba hukumu hizo, kuanzia kata ya Nyanga hapa manispaa hadi Kamachumu kule Muleba, karibu zote ni za uonevu. Paka hufanya kile ambacho kiumbe yeyote mwenye akili timamu angefanya akiwekewa kitu kile, mahali pale, katika hali ya hewa ile. Na aliyekiweka si paka.

Tuanze na hali ya hewa. Bukoba iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwaka hupata mvua ya karibu milimita 2,000, mara tatu na zaidi ya ile ya Dodoma. Aprili ndiyo usiseme. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 16 hivi. Kwa mgeni wa kutoka Dar es Salaam hiyo ni baridi ya kuandikia wosia, kwa mwenyeji ni ya kuvuta shuka tu. Paka naye ana hesabu zake. Joto la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39, na wataalamu wa wanyama wanasema mwili wake haulazimiki kujihangaisha kutafuta joto pale tu hewa inapofikia nyuzi 30 na kuendelea. Toa 16 kwenye 30, utaona paka wa Bukoba anadai nyuzi 14 kila usiku, na sakafu ya sementi haijawahi kulipa hata moja. Sasa litazame blanketi lenyewe. Juu ni vitenge vilivyoungwa, katikati blanketi kuukuu au sufi, chini shuka au marekani, na vyote vitatu vimeshikizwa kwa mishono ili hewa inaswe ndani isitoke. Hewa hiyo iliyonaswa ndiyo itunzayo joto. Mwenye nyumba amekaa wiki kadhaa akiunda mtambo wa kudai zile nyuzi 14, ameutandika chini, penye kimo cha paka, halafu anauliza kwa mshangao, "Huyu naye amefuata nini hapa?"

Sakafu ndiyo kiini cha kesi hii. Blanketi la kitanda cha futi tano kwa sita halienei kwenye meza ya sebuleni, hasa meza yenyewe ikiwa imevishwa kitambaa cha kufuma na kubebeshwa maua ya plastiki ambayo hayana ruhusa ya kuhama. Mshonaji hushuka chini. Hutandika mkeka, humwaga kiroba cha mabaki aliyoyaomba kwa mafundi cherehani wa barazani, na kuanza kupanga: pembetatu za kitenge chekundu huku, miraba ya bluu kule, pembeni kipande cha khanga chenye nusu ya maneno, nusu nyingine ilikwenda na mfuko wa mtu. Anapanga, anarudi nyuma hatua tatu, anakunja uso, anabadilisha viwili. Hadi jioni ana safu kumi na mbili nzuri kweli kweli. Hazijashonwa, hazijapigwa bandi, hazijachomekwa hata pini. Zimeshikiliwa na imani peke yake, katikati ya njia kuu ya mnyama mwenye miguu minne asiyejua kwamba leo ni sikukuu ya rangi.

Kwamba kosa ni la utaratibu, wala si la paka, yapo mashahidi mbali na hapa. Wasidi wa Karnataka, India, ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko enzi za Wareno na hata kabla, wengi wao kutoka upande huu wetu wa Afrika. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa mkono, wakiwa wameketi chini, kutokana na nguo zilizochakaa. Lakini wao hawatandazi vipande vyote kwanza. Huanzia pembeni, hukunja ukingo wa kiraka, hukishona papo hapo kwenye kitambaa cha chini, huweka kingine, nao huzunguka hivyo hivyo wakielekea katikati. Pembe nne humaliziwa kwa vipambo vya vitambaa viitwavyo phula, yaani maua, na blanketi lisilo navyo huhesabiwa kuwa uchi. Mshonaji wa namna hiyo hana kipande kilicholegea cha kusambazwa. Paka akija kulala katikati, atakuwa amelala mahali ambapo kazi bado haijafika. Mama anaendelea na pembe yake, na kila mtu ana shughuli yake. Utaratibu huu haudai umeme wala meza. Sijui kwa nini sisi tumeng'ang'ania ule wa kuviweka viraka mia hadharani na kuviombea.

Pigo lenyewe huja Novemba. Huo ni msimu wa senene, na senene hupenda taa. Mshonaji amewasha balbu ili amalizie kupanga, dirisha liko wazi kidogo, na senene mmoja wa kijani anaingia, anaigonga balbu mara mbili, anaangukia safu ya saba. Kabla hajakunja miguu vizuri, paka amekwisha toka kwenye kochi. Anatua safu ya nne; nyayo zinateleza pamoja na pembetatu sita; anageukia safu ya tisa, mkia unafagia ya kumi; senene anaruka, paka anaruka, kitenge cha bluu kinaruka. Yote ni sekunde tatu. Zinafuata kelele, na paka anatajwa kwa majina ambayo hakupewa alipoletwa. Lakini tuseme ukweli: ni Mhaya gani angeona senene ametua sebuleni akabaki ameshika mkasi? Mshonaji huyo huyo, senene wakiwa ishirini, angevuka safu zote kumi na mbili kwenda kuchukua sufuria, na wala asingezunguka. Tofauti ni kwamba yeye hana mtu wa kumtupia ndala.

Wapo watakaosema: mfungie nje, yaishe. Jibu la kwanza ni panya. Nyumba nyingi za huku ziko ndani ya kibanja, migomba imesogea hadi madirishani, mibuni iko chini yake, na chumbani kuna gunia la maharage. Paka hakuletwa ili apigwe picha; aliajiriwa. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko sindano ya chuma: huko Cyprus pamefukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka pembeni yake, na uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Kati, waliofuata panya kwenye maghala ya nafaka. Jibu la pili ni la dini. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Jibu la tatu ni la tope. Paka aliyefungiwa nje usiku wa masika hatulii. Atalia mlangoni hadi afunguliwe, na akifunguliwa ataingia na kibanja chote kwenye nyayo. Njia fupi kutoka mlangoni hadi jikoni hupita juu ya marekani nyeupe. Mwenye kufungia paka amebadilisha manyoya kwa matope, biashara ambayo hata mlevi wa rubisi angeikataa.

Pingamizi la manyoya nalipokea nusu. Kwa mwenye pumu au mzio si mzaha, ingawa kinachomsumbua hasa ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo huenea anapojilamba. Mtu huyo asishone na paka chumba kimoja, basi. Wengine wote wanaosema "uchafu" wakumbuke kwamba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka. Blanketi la viraka hufuliwa. Na kuhusu ushauri wa kuacha kushona na kununua la dukani: yapo, mazito, yenye picha ya chui aliyetoa meno, na paka hulala juu ya huyo chui bila wasiwasi wowote.

Uzi ndio pekee unaotaka tuache kucheka. Ulimi wa paka umejaa vimiiba vidogo vilivyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia mdomoni una njia moja tu, ya ndani. Anaweza kuumeza pamoja na sindano. Uzi mrefu ukinasa chini ya ulimi huku ncha ya pili ikiwa tumboni, utumbo hujikunja juu yake na hata kukatwa nao. Ukiona ncha imetokeza, mdomoni au nyuma, usivute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama huyo aliye karibu nawe amezoea ng'ombe na atakutazama mara mbili. Na hapa pia tumuulize mshtaki: nani aliyeacha kibweta wazi? Paka hajui kufungua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, ambalo kila nyumba inalo na ambalo linatosha kuhifadhia nyuzi, sindano na bobini zote za cherehani.

Kucha nazo zina kinga. Paka hukanda kitambaa laini kwa miguu ya mbele kama alivyokanda ziwa la mama yake akiwa mchanga ili maziwa yatoke. Ni ishara ya raha, wala hana chuki na kazi ya mtu. Kitenge na khanga zimefumwa kwa kubana, kucha hupita bila madhara makubwa. Anayeweka sweta la mtumba katikati ya blanketi kwa sababu rangi yake imemvutia ndiye aliyeita nyuzi zivutwe. Vipande hivyo vya sufu vinafaa kitu kingine: viunganishe, mraba wa kama nusu mita, uviweke kwenye kikapu karibu na cherehani, mahali panapopata jua la asubuhi likiwapo. Viunganishe kabla hujaanza blanketi lako, maana mwenye kudai nyuzi 14 hakubali kungoja.

Hadi hapo nimekuwa nikizungumzia paka mmoja. Wakiwa wawili, mmoja amejificha chini ya blanketi na mwingine yuko juu akiwinda kinachotikisika, hoja zangu za hali ya hewa hazisaidii, kawandi haisaidii, na kikapu watakipigania. Wakili mwenyewe najitoa. Kunja kazi yako, ipandishe juu ya kabati, ukaangalie kama maharage yameiva.