Kilo 73 za Udongo: Namna ya Kulifikisha Jiko la Kauri Kabuta na Kulikalisha

Kabla hujauliza bei, hesabu mabega. Jiko la kuchomea la kauri lenye mfuniko, lile la kijani la Big Green Egg la saizi inayoitwa Large, lina uzito wa kilo 73 bila meza wala magurudumu. La XL linakaribia kilo 100. Kubwa kupita yote lina kilo 170, yaani mifuko mitatu ya saruji na mtoto wa darasa la kwanza amekaa juu yake. Basi kwa mtu wa Kabuta, huku pwani ya Ziwa Mweru, ununuzi hauanzii dukani Lusaka, unaanzia kwa majirani. Nenda kawasalimie. Kama kuna msiba ambao hukufika, kahani leo. Kama kuna mtu hukumsaidia kuvuta nyavu, kesho alfajiri uwe pwani kabla yake. Wanaume wanne wenye migongo mizima na wasio na kinyongo nawe ndio kifaa cha kwanza cha jiko hili, na hakuna duka linalokiuza.

Usimkubali muuzaji anayekushawishi uchukue jepesi. Uzito ndio unaoulipia. Ukuta mnene wa kauri hunywa joto polepole, kisha huurudishia chakula joto hilo kutoka kila upande, juu, chini na ubavuni. Mfuniko ukifungwa, hewa inaingia kwa kitundu cha chini na kutoka kwa kitundu cha juu tu, na moto unakula kile unachopewa. Jiko likijazwa makaa mazuri mara moja, hukaa kwenye nyuzi 110 kwa zaidi ya saa 12. Linganisha na mbaula yetu ya bati yenye matundu pande zote: inapasha sufuria, inapasha miguu ya mpishi, inapasha mbingu, na ugali ukishaiva makaa yanaendelea kuungua bila kazi mpaka yaishe au mtu ayamwagie maji.

Hili si jambo dogo kwenye mwambao huu. Samaki wa Mweru wanakaushwa kwa moshi kabla ya kusafiri kwenda Copperbelt na ng'ambo ya Kongo, na moshi huo unatoka kwenye miti ya miombo. Mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya Kariba na umeme ukawa wa kusubiriwa nchi nzima, hata wenye majiko ya koili mijini walirudi kwenye makaa. Kila gunia lililopakiwa kando ya barabara ni miti iliyokuwa imesimama. Mtu anayepika kwa konzi mbili za makaa pale alipokuwa akitumia ndoo anaupunguzia msitu mzigo. Ndiyo sababu nalitetea jiko hili bila aibu, pamoja na bei yake na kilo zake.

Asili yake ni Asia. Wajapani walipikia wali katika majiko ya udongo yaitwayo kamado, wanajeshi wa Marekani wakayaona baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuyabeba kwao, na mwaka 1974 Ed Fisher akaanza kuyauza Atlanta, kisha akabuni la kwake. Nasi Afrika tumeshaonja udongo wa Asia kwa njia nyingine: mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Nairobi walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalivalisha bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, na leo jiko hilo liko katika mamilioni ya nyumba. Kwa hiyo atakayekucheka kwamba umenunua chungu kwa bei ya ng'ombe, mwambie akaangalie anachopikia shangazi yake Nairobi.

Dukani, nenda na vitu vitatu: kidole, tochi na noti ya kwacha. Kwa kidole gonga mfuniko, halafu gonga tumbo la jiko. Sauti ikilia wazi, kauri ni nzima. Ikitoka butu kama imemeza kitu, kuna ufa ndani. Tochi iingize tumboni, zima taa za duka kama wanakubali, uangalie kama mwanga unatokeza mahali. Nyufa nyembamba za rangi ya juu zisikuogopeshe, ni ngozi tu. Unaoukimbia ni ufa unaopita ukuta. Mwisho, weka noti kwenye ukingo, funga mfuniko, vuta. Noti ikikwama, ukingo umekaa. Ikitoka kwa urahisi, rudia pande zote nne, na ikitoka tena mahali palepale, dai jingine. Muuzaji akikasirika, endelea kuvuta noti. Hewa itakayopenya hapo ndiyo itakayokuunguzia samaki mwaka mzima.

Safari. Njia ya ndani ya nchi inapita Kapiri Mposhi, Serenje, Samfya na Mansa, kisha inafuata bonde la Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe mpaka Nchelenge. Anayetokea Copperbelt anaweza kukata kwenye ule ulimi wa ardhi ya Kongo kati ya Mokambo na Chembe, na tangu daraja la Mwanawasa lifunguliwe mwaka 2008 hakuna tena kungoja pantoni kwenye Luapula. Lakini utavuka mpaka mara mbili na boksi ambalo ndani yake kuna yai la udongo la kilo 73. Afisa wa forodha ana haki ya kushangaa. Mwonyeshe risiti, mfungulie boksi kabla hajakuambia, na ujibu maswali yake yote kwa heshima hata lile la kama litaanguliwa.

Kwenye lori, omba tairi kuukuu ulikalishe boksi ndani yake. Vitu vya tumboni, yaani kikombe cha moto, pete na wavu, vitoe na uvifunge kila kimoja kwa kitenge chake. Kauri huvumilia nyuzi 350 bila kelele, ila pigo moja la spana ya dereva linaimaliza. Na usiruhusu gunia la dagaa wa chisense lipande juu yake, hata mwenye gunia akiwa mjomba.

Kulishusha ni kazi ya wale wanne. Wasishike mpini wa mfuniko wala meza za pembeni. Vyote hivyo vitang'oka. Wainame kwa magoti, washike chini kwenye tundu la hewa na nyuma kwenye kiungo cha chuma, mfuniko ukiwa umefungwa kwa kamba. Zile bangili za chuma zinazozunguka jiko usizilegeze kwa udadisi. Zina springi zilizovutwa kwa nguvu, na mfuniko ukiruka unaondoka na meno ya mtu.

Sasa mahali pa kuliweka, na hapa ndipo Kabuta inapomtahini mnunuzi. Mchanga wetu hauna shukrani. Jiko lenye magurudumu ukiliacha pwani jioni, asubuhi utalikuta limezama mpaka kwenye ekseli. Chimba, toa mchanga, shindilia udongo wa kichuguu uliolowanishwa kidogo, panga matofali ya kuchoma juu yake, upime kwa bakuli la maji kama pako sawa. Ukiliweka kwenye meza ya mbao, tanguliza tofali au bamba la jiwe chini yake, maana joto hushuka pia.

Usiliweke chini ya paa la nyasi. Najua kivuli ni kizuri na mvua kuanzia Novemba haina simile, lakini kitundu cha juu kinatoa hewa ya nyuzi mia kadhaa, na nyasi kavu za Agosti zinasubiri cheche tu. Ndani ya nyumba ni marufuku kabisa: hewa ya makaa huua waliolala, na haina harufu ya kumwamsha mtu. Mabati yaliyo juu kabisa, wazi pande zote, yanatosha. Mvua ikinyesha lifunike kwa turubai. Likilowa, liache likauke na ulianze kwa moto mdogo, kwa sababu maji yaliyojificha ndani ya kauri yakigeuka mvuke kwa ghafla yanalipasua. Na watoto waambiwe mapema kwamba linabaki na moto kwa saa nyingi baada ya moshi kuisha. Halina rangi ya hatari. Ni kijani tu, limekaa kimya.

Jirani yangu anayekausha samaki alilizunguka mara ya kwanza, akainama kuchungulia tundu la chini.

"Jirani, hili linakula makaa mangapi?"

"Konzi mbili, mama, kwa perege watano."

"Basi halijaanza kula," akasema, akavuta kigoda akae aone.

Mbaula wengi wetu tunaiwasha kwa kipande cha plastiki na tone la mafuta ya taa. Huku hapana. Kauri ina vinyweleo, itanywa mafuta ya taa Jumamosi na kukurudishia kwenye nyama ya Krismasi. Tumia magunzi makavu na nyasi, ukiyaweka katikati ya makaa ya mti yenye vipande vikubwa chini na vidogo juu. Siku za mwanzo moto uwe mdogo, nyuzi 110 mpaka 150, saa moja au mbili, ili unyevu wa kiwandani utoke na gundi ya ukingo ishike. Anayelipeleka nyuzi 350 siku ya kwanza ili wageni waone atawaonyesha ukingo ukifuka moshi.

Siri yote ya kulitawala ni kulipandisha joto kutoka chini. Ukitaka nyuzi 110, anza kubana matundu ukiona 90. Ukilipita ukafika 180, hutalishusha kwa kufungua mfuniko. Utaliongezea hewa tu, na ukuta ule mnene hautasahau haraka. Tundu la chini liache upana wa kidole, la juu liache mwanya mwembamba, halafu keti. Kubana na kulegeza kila dakika ni ugonjwa wa wanunuzi wapya, na dawa yake ni kumpa mtu huyo viazi amenye. Na kila unapofungua, inua mfuniko kidogo, uushushe, uinue tena, ndipo uufungue wote. Moto ulionyimwa hewa ukiipata yote kwa mara moja hulipuka kuelekea usoni pako, na nyusi huchukua muda kuota.

Kwa kambale, mpasue, mtie chumvi saa mbili, mtundike mpaka ngozi ikauke na isishike kidole. Weka bamba la kauri juu ya moto ili mwali usimguse, tupia vipande vya mwembe au mpera, usitie mbao zilizopakwa rangi, na umwache kwenye nyuzi 90 mpaka 110. Nyama ya ndani ipite nyuzi 63, iachane na mfupa bila kulazimishwa. Samaki aina ya makobo na perege wasikaushwe sana. Waondoe wakiwa bado na mafuta, uwale na nshima, ugali wetu wa mhogo, na kisamvu. Kumbuka pia kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi umefungwa Mweru na Luapula ili samaki wazaane. Miezi hiyo jiko lipe kuku wa kienyeji, mbuzi, viazi vitamu na mhogo uliofunikwa kwa majivu. Anayekuletea samaki wa usiku katika Januari mrudishie, hata kama ni mmoja wa wale wanne.

Kama pesa haifiki, usiuze boti. Mfinyanzi mwenye mkono anaweza kukutengenezea chungu kinene na mfuniko wake, udongo ukichanganywa na vigae vya zamani vilivyosagwa ili usipasuke motoni, ukuta wenye unene uleule kila mahali, tundu moja chini na moja juu. Kikaushwe kivulini polepole, siyo juani. Hakitadumu kama cha kiwandani na hakitafika joto la kuchomea piza, lakini samaki kitawaivisha, na fedha yako itabaki Nchelenge.

Mkimaliza kula, usimwage maji. Funga tundu la juu, funga la chini, ondoka. Moto utakufa kwa kukosa hewa, na asubuhi utakuta makaa meusi mazima. Yatikise majivu yadondoke, ongeza machache juu, endelea. Majivu yapeleke kwenye bustani ya mboga. Halafu jiandae kwa wageni, kwa sababu jiko la kilo 73 haliazimwi, na kila mwenye samaki Kabuta atakuja kuwachomea kwako. Wapokee wote, ila kila mmoja aje na makaa yake.