Barua kwa Mkubwa wa Filamu: Tuleteeni Msimuliaji

Mheshimiwa,

Mimi mkaazi wa Tibirinzi, Chake Chake, nakuandikia kwa adabu zote kukupa hongera na pole kwa pamoja. Hongera kwa filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji: mwaka 2021 Toronto wameiona, mwaka 2022 ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Pole kwa sababu wapo watu wa Pemba nao wanataka kuiona. Tumewakanya, hawasikii.

Kosa lao wameisoma riwaya iliyozaa filamu hiyo. Watoto wetu wa kidato cha tano na sita wamekesha na kitabu cha Adam Shafi kwa ajili ya mtihani, na Yasmin, binti wa miaka 15 aliyeozwa mzee wa miaka 52, wanamjua kama jirani. Sasa wanauliza Denge, mpigania uhuru anayependana naye, ana sura gani.

Ukumbi hatuombi, tusije tukaonekana tumelewa. Tunaomba msimuliaji. Mtu mmoja tu, mwenye barua yenye muhuri, aliyeiona filamu kwa macho yake. Tutampandisha juu ya meza pale kiwanja cha kufurahishia watoto, meza tuitandike kanga. Kwa kuwa sifa kubwa ya filamu hii ni mwanga, aje na taa za rangi: moja ya vichochoro, moja ya nyumbani kwa Mwajuma, shoga yake Yasmin, moja ya mahaba. Yasmin akimtazama Denge, msimuliaji anyamaze. Anyamaze hasa, mpaka mbu washibe, maana filamu nayo hapo hunyamaza na wajuzi huuita unyamavu huo sanaa. Mwajuma akiimba, asijaribu; sauti ya Siti Amina anayemwigiza haikaimiwi. Atikise kichwa tu. Zikifika siasa, Mwingereza na askari wake, aseme mbio mbio kama mtu anayewahi futari, kwani filamu yenyewe imezipita hivyo. Posho tutamlipa, ila si kwa karafuu, tusije tukashikwa kwa magendo.

Mimi nimeiona. Nilivuka maji kuifuata, na ni nzuri. Nzuri mno, na hapo ndipo inaponiudhi. Yasmin wa kitabuni anakua kwa kufukuzwa: anamkimbia mume, ndugu wanamfungia milango, mji anajifunza kwa dhiki. Yasmin wa filamu anakua kwa kumulikwa. Ukuta uliobanduka chokaa unapewa nafasi kuliko yale yaliyomfanya binti auache ukoo wake. Ukitoka hapo unatamani kupanga chumba Mji Mkongwe, si kumtoa mkoloni.

Na kila ikitajwa Zanzibar, ni mji huo huo wa Unguja. Riwaya ni ya Ng'ambo, sawa, hatugombi. Lakini nyinyi mnaogawa maonyesho, hamuoni haya? Siku ya karafuu sisi ni Zanzibar. Siku ya kura sisi ni Zanzibar, tena mnatuhimiza. Siku ya mialiko tunageuka kisiwa cha pili, na ahadi ni ile ile, "awamu ijayo". Vijana wanakulia hapa, wanaozwa hapa, wanatokea hapa kwenda Dar na Muscat kutafuta maisha, na hakuna hata anayewawashia taa. Mnadhani huku tumezaliwa bila macho?

Samahani, Mheshimiwa. Kalamu imeteleza.

Mengine ni madogo. Bango la filamu tupatieni, hata lililochanika. Wageni wenu mkishawapeleka Kidike kuwapiga popo picha, wapitisheni na Tibirinzi, nasi tupigwe. Na anayepanga ratiba aambiwe kwamba umeme wa Tanga umetufikia tangu 2010.

Msimuliaji akikosekana, basi leteni filamu yenyewe. Projekta tutaazima kwa wapiga picha za harusi, shuka jeupe tunalo. Ila jibu lije kabla ya Idi, kwa sababu siku hizo kiwanja ni cha watoto.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Tibirinzi